Safu ya Tatu katika Daftari la Mzee Hasa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mzee Hasa, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi seremala na mkewe mshonaji. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na karakana mbele. Mama yake alipenda kusimulia kwamba marehemu alichelewa sana kusema, hata majirani wakaanza kunong'ona, na siku alipofungua kinywa hakuita mama wala baba, bali alishika randa ya baba yake akauliza, "Nini hii?" Anayewasomea maneno haya ni shemeji yake, kaka wa mjane. Nimepewa kazi hii kwa sababu mimi ni mpiga chapa na karatasi mliyoishika ningeichapa hata hivyo. Makosa mtakayoyaona humo ni yangu, si ya familia.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1959 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1970. Alikuwa na mwandiko mkubwa, wa duara, uliosomeka kutoka dawati la mwisho, na walimu walimtuma kunakili masomo ubaoni. Alitaka kuwa daktari. Ndoto hiyo iliishia kwenye somo la biolojia, siku alipozimia mbele ya chura aliyepasuliwa. Hata hivyo, alichokuwa akikisimulia kwa uchungu si chura. Ni kwamba katika mtihani wa mwisho aliulizwa sehemu fulani ya jani, akaandika jina alilofundishwa na mwalimu, kumbe msahihishaji alilitaka jina lililokuwa kitabuni. Majina yote mawili yalikuwa sahihi. Alinyimwa alama mbili, na miaka hamsini baadaye bado alikuwa akizitaja kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Tarehe 1 Machi 1972 aliajiriwa kuwa karani katika chumba cha mafaili cha hospitali kuu, na humo alikaa miaka thelathini na tisa. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya dirisha la dawa, kina rafu mpaka darini, na dirisha moja lililotazama kamba za kuanikia mashuka ya wodini. Ngazi ya kupandia rafuni ilikuwa na magurudumu matatu, na mahali pa la nne palikuwa na kipande cha kigae. Mafaili yalipangwa kwa kliniki, na kliniki zilifuata jina la ugonjwa kama daktari alivyoliandika. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Daktari aliyesomea nchi moja aliuita ugonjwa kwa jina la daktari wa zamani wa huko, na mwenzake aliyesomea kwingine aliuita ugonjwa uleule kwa jina la daktari wa kwao. Maabara walikuwa na lao, na wauguzi walikuwa na lao la kuitana koridoni. Kulikuwa pia na jina moja la daktari lililobeba magonjwa mawili yasiyojuana kabisa, na marehemu alisema bwana huyo lazima alikuwa hapumziki.

Haya yangebaki kuwa mambo ya makarani kama yasingemkuta dada yangu. Mwaka 1978, akiwa na miaka ishirini na mbili, alianza kukonda huku anakula vizuri, moyo ukienda mbio na mikono ikimtetemeka. Ilikuwa tezi ya shingo iliyofanya kazi kupita kiasi. Daktari wa Jumanne alimwandikia jina moja la ugonjwa na vidonge vya kuituliza tezi. Daktari huyo alipokwenda likizo, dada alipelekwa kwa daktari wa Alhamisi, ambaye alimpima upya, akamwandikia jina jingine, akamfungulia faili jingine na kumpa vidonge. Dawa ilikuwa ileile, ila ilitoka kiwanda kingine na ilikuwa na rangi nyingine. Dada yangu alirudi nyumbani akatuambia kwamba sasa ana magonjwa mawili. Tulimhurumia sote, na tukahakikisha hakosi kumeza vidonge vyote. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimkumbusha.

Baada ya wiki sita alikuwa anaona baridi saa sita mchana, uso umevimba, anasinzia akiwa amesimama. Nilimpeleka hospitali nikamketisha kwenye benchi la nje ya dirisha la dawa. Nadhani alikuwa amebakiza siku chache za kuwa mtu wa kutembea kwa miguu yake. Mara akatoka karani mmoja mrefu, mwenye mafaili mawili kwapani, akamwinamia.

"Dada, samahani. Una magonjwa mangapi?"

"Mawili," dada akajibu, kwa taabu.

"Hapana. Ugonjwa unao mmoja. Walio wawili ni madaktari."

Alikuwa ameona mafaili mawili yenye jina moja la mama, mtaa mmoja na kovu moja la goti la kushoto. Aliwafuata madaktari wote wawili, akawawekea mafaili mezani, na dawa ya pili, iliyokuwa imeituliza tezi kupita kiasi, ikasimamishwa siku ile ile. Dada yangu alipona polepole. Karani naye akawa na tabia ya kupita nyumbani kwetu kuangalia kama faili lingali moja. Baada ya ziara ya nne nilimwambia aseme shida yake, kwa maana chai ya kila Jumapili si sehemu ya matibabu. Walioana tarehe 12 Aprili 1980. Walijaliwa watoto watatu, na katika miaka arobaini na nne sikuwahi kusikia amemwita mkewe kwa jina la utani. Alisema yule alishaitwa majina ya kutosha.

Tangu mwaka ule wa mafaili mawili, marehemu alifungua daftari kubwa lenye jalada gumu na kulipiga mistari ya safu tatu. Ya kwanza iliandikwa "Wanavyouita", ya pili "Ni nini hasa", na ya tatu "Tuuandike". Faili likija na jina la mtu mahali pa ugonjwa, alilirudisha kwa daktari pamoja na kikaratasi chenye maneno matatu: "Ni nini hasa?" Vikaratasi hivyo nilivichapa mimi, mia tano kwa mkupuo. Ndiyo asili ya jina la Mzee Hasa. Wauguzi walikwenda mbele zaidi wakakiita kikaratasi chenyewe hasa, na daktari aliyerudishiwa faili alisemwa kuwa amepigwa hasa. Marehemu hakulipenda hilo hata kidogo. "Kile ni kikaratasi cha kuuliza," alikuwa akisema, "na kila anayekiona aweze kujua ni cha nini bila kunijua mimi."

Hakuwa mtu asiyekosea. Mwaka 1986 aliunganisha magonjwa mawili ya ngozi akidhani ni ugonjwa mmoja, mpaka daktari alipomwonyesha tofauti yake. Aliandika kwa wino mwekundu, "Hapa nilikosea," akatia tarehe, na hakuruhusu ukurasa ule ubandikwe karatasi nyingine juu. Wala hakupendwa na wote. Mwaka 1994 daktari mmoja kijana, binti aliyekuwa bado kwenye mafunzo, alirudishiwa mafaili manne kwa siku moja. Alishuka hadi chumba cha mafaili akiwa amefura.

"Wewe ni karani," akamwambia.

"Ndiyo, daktari. Na karani ndiye atakayelitafuta faili hili ukishahama."

Binti yule aliyachukua mafaili akapanda nayo juu. Kesho yake yalirudi yameandikwa kwa maneno kamili, na mwandiko wa hasira. Hakuhama. Leo ndiye daktari mkuu wa wodi, na tutakutana naye tena.

Mwanzoni mwa mwaka 2011, miezi michache kabla ya kustaafu, marehemu aliniletea maandishi ya vikaratasi vya mwisho. Herufi zilikuwa ndogo kama za mtu anayeandika kwenye tiketi. Nilimwambia, "Shemeji, unabana wino?" Akacheka, nami nikacheka. Ukilifungua daftari lake sasa unaona wazi mwandiko ukipungua ukurasa baada ya ukurasa tangu mwaka uliotangulia, nami ni mtu ninayeishi kwa kutazama herufi. Ningeweza kuona. Jambo hilo linaniuma, na nalisema hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.

Alistaafu tarehe 31 Agosti 2011. Februari 2012 yule daktari wa wodi alimpima, akamtembeza koridoni na kumrudisha, akamwambia ana ugonjwa wa ubongo, na kwamba mwandiko uliopungua ulikuwa dalili yake, akamtajia jina lake, ambalo ni jina la daktari wa zamani. Marehemu akamuuliza:

"Huyo aliuugua?"

"Hapana, mzee. Aliuona kwa wengine, akauandika."

"Na jina jingine?"

"Yapo, lakini hakuna anayeyatumia. Hili linajulikana dunia nzima."

Jioni ile aliliandika jina hilo katika safu ya kwanza. Katika safu ya pili aliandika alichoelezwa, kwa herufi ndogo. Safu ya tatu aliiacha wazi. Watu walimpa mapendekezo. Jirani alisema aandike kutetemeka, lakini yeye mwenyewe hakuwa akitetemeka sana, na daktari alikuwa amemwambia wapo wasiotetemeka kabisa. Mimi nilisema aandike uzee, akanitazama mpaka nikaomba radhi. Katika miaka kumi na miwili iliyofuata alipoteza mwendo, kisha vifungo vya shati, kisha sauti, na kila mwaka mkewe alimwekea daftari mapajani, naye akaitazama safu ile na kutikisa kichwa. Alikuwa amewadai madaktari jibu maisha yake yote, na la kwake hakulipata. Hakulalamika kuhusu kufa. Alilalamika kuhusu safu.

Mwaka huu tarehe 9 Mei alipaliwa na uji, na chakula kikaingia mapafuni. Alilazwa siku tano. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa moja na nusu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Mchana wake tulipewa fomu ya kifo. Dada yangu aliisoma akiwa mezani kwake, amevaa miwani, akaikunja.

"Kaka, twende tukairudishe."

"Ina kosa gani?"

"Wameandika jina la mtu. Huyu alirudisha ya wenzake miaka zaidi ya thelathini. Yake nayo ipite hivi hivi?"

Tulimkuta yule daktari wa wodi ofisini. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole kwamba kompyuta ina orodha yake, na kwamba asipoliandika jina hilo kifo hiki hakitahesabiwa panapostahili.

"Liache kwenye kompyuta," dada akasema. "Hapa kwenye karatasi pana mstari wa maelezo, nanyi mmeuacha mtupu."

Daktari akautazama mstari. "Yeye mwenyewe aliuitaje?"

Dada alilitoa daftari mkobani akalifungua mbele yake. Katika safu ya tatu, niliyodhani bado iko wazi, palikuwa na neno moja la penseli, dogo sana, hata daktari akalazimika kulisogeza daftari dirishani ili alisome. Lilikuwa "bado".

"Miaka kumi na miwili, mama?"

"Alisema hawezi kuuandika, kwa kuwa yeye yuko ndani yake. Alitaka mtu wa nje aueleze, na kila mtu alimletea jina."

Daktari alivua miwani, akachukua kalamu. "Basi nieleze wewe."

Dada yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba. Aliweka mikono mezani akaeleza, na sikuwahi kumsikia akizungumza mfululizo namna ile. "Akili yake ilikuwa inafika kwanza. Mguu akiuambia nenda, unakwenda baadaye. Nikimchekesha, anacheka watu wameshanyamaza. Akitaka kunishukuru kwa chai, asante inakuja kikombe kimeshaoshwa. Lakini ilikuwa inakuja. Haikuwahi kukosa kuja. Mwili ulikuwa unamchelewesha tu, mpaka siku koo nalo likachelewa."

Daktari aliandika muda mrefu. Nimepewa ruhusa kuyachapa maneno yake kama yalivyo kwenye fomu: "Ugonjwa wa ubongo uliosababisha mwili kuchelewa kutii. Mwishowe alishindwa kumeza, chakula kikaingia mapafuni. Kama ulivyoelezwa na mkewe." Alitia sahihi na mhuri, kisha akampa dada kalamu ile ile na kumsogezea daftari. Dada alifuta neno la penseli kwa kidole, akaandika mahali pake kwa herufi kubwa, za duara, kama alizoandika mumewe zamani: "Mwili kuchelewa." Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona analia tangu asubuhi, na daktari alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano, dada wawili, mdogo wake wa kiume, na shemeji mmoja mpiga chapa. Daftari limejaa, na wajukuu wameahidi kutolichorachora.

Amani iwe naye hapa alipolala. Hana tena pa kuchelewa.