Dhahabu Haiwashi

Kivuko kutoka Madura kilikuwa kinakaribia Surabaya. Durahem alijifanya kasinzia, kumbe masikio kayatega kwa akina mama wawili waliokaa mbele yake.

“Daktari aliniuliza kama vyuma vinaniwasha. Nikasema hapana,” alisema mwenye mkongojo.

“Hapana, na mkono umebabuka hivyo chini ya bangili? Kesho unatiwa goti la chuma, shoga! Hilo utalivua vipi?”

“Mume wangu alikuwepo. Dhahabu haiwashi mtu. Nimwambie mbele ya daktari kuwa mahari yake ni feki, na mwenyewe hajui?”

“Bora aaibike yeye kuliko uoze wewe!”

Durahem akakohoa. Hakuna aliyegeuka. Kivuko kikagonga gati, mama akaifunika bangili haraka.

Mumewe akaja kumwinua. “Twende, mke wangu. Bahati yetu huna mzio.”