Wasifu wa Fidel Wafula, Pamoja na Yaliyofutwa na Kamati

Mimi ni Lynnette, kifungua mimba wa marehemu. Wasifu uliochapishwa katika programu mliyoshika ni mfupi kuliko huu nitakaousoma. Kamati ya mazishi iliukata bila kuniuliza, ikaweka mahali pake sentensi moja: "Marehemu alikuwa mpenzi wa vitabu." Baba hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja. Kama ni kumsifu, basi tumsifu kwa ya kweli.

Fidel Wafula Simiyu alizaliwa tarehe 3 Mei 1966 huko Webuye, Bungoma, mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Yona Simiyu na marehemu Roseline Nekesa. Alisoma shule ya msingi hapo Webuye kuanzia 1973 hadi 1979, akaingia sekondari na kuiacha akiwa kidato cha pili, baba yake alipofariki. Umakanika alijifunza gereji kwa kuchungulia, maana fundi wake alimgeuzia mgongo kila alipofungua injini. Jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni.

Mwaka 1987 alikuja Mombasa, akaajiriwa Changamwe katika yadi moja ya makontena kutengeneza mitambo ya kuinulia mizigo. Alikaa hapo miaka thelathini na minne. Kila kijana aliyeletwa kwake alimfundisha yote, hata yale ya pampu ambayo mafundi wengine waliyaficha ili waendelee kuhitajika. Wanafunzi wake watatu walifanywa wasimamizi juu yake. Yeye hakuwahi. Aliambiwa kwamba fundi anayegawa ujuzi ovyo hajui thamani yake. Wawili kati ya hao watatu wako hapa leo, safu ya mbele, na mashada makubwa ya maua. Karibuni. Ila neno moja tu la kumpendekeza, akiwa hai, lingemfaa kuliko maua hayo.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa kanisani Changamwe na Margret Nasimiyu, mama yetu, na wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 2004 tulihamia hapa Shika Adabu. Jirani yetu akawa Mzee Mwinyihaji, mkulima wa mihogo na minazi, ambaye babu zake wamezikwa ng'ambo ya ua huu.

Sasa yale yaliyofutwa. Baada ya kustaafu mwaka 2021, Baba alicheza mchezo wa kompyuta. Ndiyo, mchezo. Kila mchezaji huongoza taifa lake kutoka enzi ya jembe la mti hadi enzi ya umeme na roketi, zamu kwa zamu. Taifa la Baba liliitwa Webuye. La Mzee Mwinyihaji liliitwa Mtongwe. Mzee alicheza zamu yake asubuhi akitoka shambani, Baba akacheza yake jioni, kompyuta ikiwa ile ile moja ya sebuleni kwetu.

Katika mchezo wa kwanza Baba aliufikia umeme zamu ya 240, akaona amechelewa mno. Wengi hukimbilia askari. Yeye, katika michezo iliyofuata, akaanza kujenga ghala la chakula kwanza, kisha shule, miji akaipanga kando ya mto ili watu waongezeke, na wasomi wake hakuwatoa maktaba hata alipotishiwa vita. Halafu akaanza kumgawia mpinzani wake ujuzi. Mzee alishtuka.

"Wallahi Fidel, wanipa ilimu ya kuandika bure? Wataka kunitendani?"

"Mzee, chenye jirani anajua, mimi nakipata kwa zamu chache. Wewe ukibaki nyuma, huvumbui kitu kipya, unanichelewesha."

Na ndivyo mchezo ulivyokuwa kweli. Kwa njia hiyo akashusha zamu 240 hadi 161, na Mzee akawa anamfuata kisigino.

Agosti 2024 Baba alipatikana na saratani ya ini. Alipolazwa, Mzee Mwinyihaji alikuwa akija kitandani kupokea maagizo ya zamu yake, kisha anarudi kwetu kucheza zamu zote mbili, yake na ya mgonjwa, bila hila, hata pale alipojiumiza mwenyewe. Jumatatu tarehe 10 Februari 2025 Mzee alikuwa na homa, kwa hiyo agizo nililipokea mimi. Kesho yake, saa nne asubuhi, Baba alifariki akiwa na miaka 58.

Alhamisi, baba yetu mdogo Kizito, mwenyekiti wa kamati, aliichukua kompyuta ile kuandikia programu hii, akaufuta mchezo ili picha zipate nafasi. Nilipolia alinijibu, "Ni mambo ya watoto, Lynnette. Mzee mzima! Unataka tuchekwe?"

Ijumaa Mzee Mwinyihaji alipiga hodi. "N'mekuja kutimiza amana yake," akasema. Akakaa mbele ya kompyuta, akatafuta, akatafuta tena. Mama akashindwa kumwambia, ikabidi nimwambie mimi. Akavaa kofia yake akaenda zake. Jioni hiyo hiyo kamati ikalitoa jina lake katika orodha ya wafiwa, kwamba si wa ukoo wala si wa kanisa. Nimekasirika, jamani, na hata hapa kaburini sitajifanya sikukasirika.

Marehemu ameacha mjane, Margret, watoto, mimi Lynnette, Cheryl na Griffin, wajukuu wawili, na ndugu zake, Kizito na Fancy. Ameacha pia Mzee Mwinyihaji, rafiki yake. Shikamoo Mzee, naomba usimame watu wakuone.

Agizo la Jumatatu sikupata pa kulipeleka, basi nalitoa hapa. Baba alisema: "Mpe Mzee umeme leo leo. Nisimwache gizani."

Pumzika kwa amani, Baba. Nimempa.