Mkono Niliomwahidi Bikira

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Zenaida zima hiyo redio, habari za mvua hata nisipozisikia itanyesha vilevile. Nicasio, nigeuze upande wa dirishani. Polepole, mbavu hizi zina miaka sabini na tisa. Hapo. Hapana, nirudishe, mwanga unaniumiza macho. Basi niacheni hivi hivi, kila upande una miiba. Nisikilizeni wakati sauti bado ninayo, kwa maana mnanijua, maisha yangu yote nimekula kwa sauti, na ikiniacha sitakuwa na namna ya kuwaambia haya, hata kwa ishara.

Mambo ya vitu nayamaliza haraka, siyo hayo yanayonihangaisha. Nyumba ni ya Zenaida, aliyekaa humu paa likivuja na mama akinuna, na cherehani ni yake pia. Nicasio, chukua kiti cha kubembea cha marehemu baba yenu Evaristo, na usimuuzie mtalii hata akikusifia vipi. Vitabu vyangu vipelekeni kiwandani, vyote isipokuwa kile cha jalada la kijani cha magonjwa ya ng'ombe, ambacho nitawaeleza habari yake sasa hivi. Leocadia wa mtaa wa pili akija kwenye mazishi mpeni kahawa, ila asikae kiti cha mbele. Nimemsamehe, lakini siyo kiasi hicho.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Mnadhani mama yenu alikuwa msomaji wa kiwandani tu, mwanamke wa kukaa juu ya jukwaa na kuwasomea wasokotaji wa sigara magazeti asubuhi na riwaya mchana, ili mikono ifanye kazi na akili isife njaa. Ni kweli nilikuwa hivyo kwa miaka thelathini na moja. Lakini kabla ya hapo, na ndani ya hapo, nilikuwa mwandishi, nami sikumwambia mtu kwa sababu nilijua watanicheka, tena wangekuwa na haki, binti wa madarasa mawili aliyeanza kazi kwa kunyofoa vikonyo vya majani ya tumbaku pembeni mwa mama yake. Bahari sikuiona mpaka nilipofika miaka thelathini, ila nilikwisha kuzama na meli mara tano, nikiwa nimekaa palepale kwenye benchi la wanyofoaji, nikisikia sauti ya msomaji ikitujia kupitia mlangoni. Nilikuwa narudi nyumbani nimekasirika. Hadithi ikiisha vibaya sikuweza kula, nilikuwa nairekebisha kitandani hadi mama ananifinya. Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza, na mpaka leo sijapata dawa yake.

Nikaandika. Nikiwa na ninyi wawili mkilia miguuni, na maharage yakiungua, niliandika habari za Rosenda, mfuaji nguo wa kando ya mto Cuyaguateje, ambaye kila siku alifua mashati ya watu wa ng'ambo na hakuwahi kuvuka. Madaftari mawili yalijaa, la tatu likafika nusu. Baba yenu aliniuliza mara moja tu, "Wewe mwanamke, unamwandikia nani?" Nikamwambia namwandikia dada yangu. Akasema, "Dada yako hajui kusoma." Nikamwambia ndiyo maana naandika marefu.

Ndipo walipokuchukua wewe, Nicasio, ukiwa na miaka kumi na tisa, wakakupeleka vitani Angola. Barua zikaja, kisha zikakoma. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama wa kijana wa mtaa wa juu aliletewa habari na watu wawili waliovaa sare, na tangu siku hiyo kila nilipoona watu wawili wakitembea pamoja nilijificha nyuma ya kabati, mahali palepale nilipokuwa nimeificha sanamu ya Bikira Maria, maana siku zile mama wa askari hakutakiwa kuonekana na sanamu. Tukawa wawili huko nyuma, mimi na yeye. Nikamwambia, nitakuja kwako.

Zenaida, unakumbuka niliposema naenda kumuuguza shangazi Camagüey? Sikwenda Camagüey. Nilipanda treni, nikapanda lori, nikavuka kisiwa kizima kutoka huku Pinar mpaka kanisani kwake El Cobre, nikapanda ngazi na alizeti mkononi, na miguuni pa Bikira nikaweka madaftari yangu matatu na kalamu juu yake. Nikasema: nirudishie mwanangu mzima, na mkono wangu huu hautaandika tena hadithi mpaka nife. Nilikuwa sina kitu kingine cha thamani, wanangu. Watu wengine hutoa dhahabu au nywele.

Wiki sita baadaye ulishuka kwenye basi hapo kona, umekonda, una homa za huko, lakini una miguu miwili na mikono miwili. Kuna jambo la siku zile ambalo lazima niliseme, lakini siyo sasa, sijapata ujasiri. Nipeni maji. Siyo hayo, ya moto hayo.

Nilitimiza nadhiri. Hata orodha ya sokoni alikuwa anaiandika Zenaida, mnakumbuka, mkasema mama amekuwa mvivu. Miaka kumi. Lakini Rosenda hakuwa ametia nadhiri yoyote, yule. Alikuwa ananiamsha, ananifuata jikoni, ananisemesha ninapofua, "Sasa mimi nikae hapa mtoni mpaka lini?" Nikamwambia ninyamazie, nimekutoa sadaka. Hakunyamaza.

Ukaja ule wakati wa dhiki, mnaukumbuka, umeme unakatika mchana kutwa, magazeti yamekuwa madogo kama leso za mkononi, vitabu vipya hakuna, na vile vya kiwandani wasokotaji walikuwa wanavijua kwa moyo, nikikosea neno wananisahihisha. Kipaza sauti kimekufa, nasoma kwa koo langu tu. Ukafika mkutano wa kuchagua kitabu kingine, na mkononi sikuwa na kitu isipokuwa hicho cha magonjwa ya ng'ombe, nilichokiokota kwenye ofisi iliyofungwa. Mmoja akasema kwa utani, "Kwa nini Domitila asitutungie?" Leocadia akasimama, mikono kiunoni, "Hadithi za jirani? Shoga, za jirani nazisikia bure dirishani!" Wakacheka wote. Ile iliniingia, siwafichi. Nikainua kitabu cha ng'ombe, jalada nimelifunika kwa karatasi, nikasema hiki hapa ni riwaya ya Mreno mmoja, imetafsiriwa. Wakanyoosha mikono. Mreno akashinda kwa kura zote.

Niliahidi kwamba mkono hautaandika. Sikuahidi kwamba mdomo hautasema. Ndivyo nilivyojidanganya, au ndivyo nilivyogundua, mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili, na hilo ndilo linalonigeuza kitandani.

Kwa miezi saba nilikaa juu ya jukwaa nimefungua habari za kupe na homa ya miguu, nikiwasomea habari za Rosenda ambaye humo kitabuni hakuandikwa popote. Wanangu, sijawahi kuwa na furaha kama ile! Walipopendezwa waligonga visu vyao juu ya mbao zao za kazi, watu mia mbili, mpaka madirisha yakatetemeka. Leocadia alilia waziwazi alipokufa mbwa wa Rosenda, akasema, "Huyu Mreno lazima aliwahi kuishi Pinar." Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbusu.

Sasa kosa langu. Siku moja ya joto nilizama mno, nikasahau kwamba nasoma. Belarmino, yule mzee wa meza ya mbele, ambaye herufi hakuzijua lakini masikioni alikuwa na maktaba, akainuka akiwa na jani mkononi kama anayekuja kunionyesha kitu, akaniinamia, akasema chini kwa chini, "Mama Domitila, mimi sijui kusoma, lakini ukurasa mmoja hauchukui saa nzima. Geuza." Nikageuza. Akarudi mezani kwake, akaendelea kusokota. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo kila baada ya muda alikuwa anakohoa, nami nageuza.

Ikabaki sura ya mwisho. Asubuhi ile ile, Nicasio, homa yako ya Angola ikarudi, ukawa unatetemeka na kuita majina ya watu tusiowajua. Mimi nikajua. Nikasema Bikira amehesabu kurasa, ameona natafuta njia ya kumzunguka, anamchukua mwanangu. Nilikwenda kiwandani nikawaambia kurasa za mwisho zimechanika, hazipo. Waliviangusha visu sakafuni, wote kwa mpigo. Mnajua maana yake kwa msomaji? Bora wangenizomea. Wewe ukapona siku ya nne, nami sikuthubutu tena. Mpaka leo nikipita sokoni wazee wananishika mkono, "Domitila, hivi Rosenda alivuka?" Nawaambia muulizeni Mreno.

Belarmino peke yake hakuuliza, mpaka siku alipokuwa amelala kama nilivyolala mimi sasa. Akasema, "Sasa niambie, sina muda." Nikafunga mlango, nikamsimulia mwisho wote sikioni. Akafikiri. Akasema, "Mbaya. Ulikuwa na haraka. Rekebisha." Akafa Alhamisi. Basi miaka kumi na miwili hii nimekuwa narekebisha, bila karatasi, nikichambua mchele, nikiwa kwenye foleni ya mkate, na mlikuwa mnasema mama anaongea peke yake, apelekwe kwa daktari. Nimeutupa mwisho ule mara arobaini. Sasa ninao. Tangu Kwaresima ninao, na ni mzuri, Belarmino angegonga mbao mpaka zipasuke, na haupo popote isipokuwa humu kichwani kinachozimika. Nikifa leo anakufa na Rosenda.

Nilimuuliza padri. Kijana yule akatabasamu, akasema Bikira ni mama, siyo askari wa forodha. Ni rahisi kwake, hakuahidi yeye. Mimi ninamwamini Bikira kweli, ndiyo maana namwogopa. Namwamini kuliko yule padri.

Sasa lile jambo. Zenaida, usitoke, na wewe usikie. Nicasio, mwanangu, niangalie. Ulipokuwa umerudi, ukikaa mezani unakunywa supu, zilikuwapo siku nilikutazama, Rosenda akinililia kifuani, nikamwambia Bikira moyoni: umenipunja. Nilisema hivyo. Mwanangu yuko hai mbele yangu, anapuliza supu, nami nasema nimepunjwa. Siyo siku moja. Nimelala na neno hilo miaka yote hii, na nilipokupikia, na nilipokubebea wanao, lilikuwa lipo. Nisamehe. Sikukupenda kidogo. Nilipenda vitu viwili, na nilidhani mwanamke anaruhusiwa kimoja.

Unakwenda wapi? Nicasio! Mwache, Zenaida, mwache akavute sigara yake uani. Ana haki. Nimemwambia mtu kwamba kuna siku nilijuta uhai wake, ulitaka apige makofi? Nifute uso. Anafanya nini huko? Angalia dirishani. Anapekua nini kwenye mkoba wa shule wa mjukuu wangu?

Umerudi. Unasemaje? Sema kwa sauti, masikio yangu yameanza kuondoka kabla yangu.

"Mama, nilijua. Ulivyokuwa unanitazama mezani, nilijua kuna kitu umenitolea. Ndiyo maana nilikuwa sibakizi hata tone."

Ee Mama wa Mungu. Miaka yote hiyo nikidhani una njaa.

Na hicho ulichoshika ni nini? Daftari la hesabu la mtoto. Na kalamu. Hapana, mwanangu, hapana, unajua kitakachotukia, wewe ndiye uliyewekwa rehani, siyo mimi. Unasema nini? Unasema nadhiri ilikuwa ya mkono wangu, na huu ni wako? Unazungumza kama mwanasheria. Nyamaza kidogo, niache nifikiri. Inyooshe mikono yako yote miwili hapa nishike. Mikubwa. Una kovu hapa, sikulijua. Nilimwomba akurudishe mzima, naye akakurudisha na mikono yote miwili, wala hakusema mmoja usifanye kazi gani. Nilikuwa namtazama anayeogopwa, sikuitazama zawadi yenyewe. Basi. Basi, Bikira, kama nakosea, nakuja kwako wiki hii hii, nihukumu mimi uso kwa uso, huyu mwache.

Haya, shikeni maagizo, pumzi inapungua. Tutaanzia mwisho, kwa sababu mwisho ninao mimi tu. Zilizotangulia, Zenaida, nenda kwa wasokotaji waliobaki, nyumba kwa nyumba, kila mmoja anayo sehemu yake, hata Leocadia, kaa naye, anaukumbuka mto vizuri kuliko mimi. Wakibishana, andika yote mawili. Wakiuliza, waambieni Mreno alikuwa mimi. Andikeni jina langu lote, Domitila Arrechea, na chini yake msomaji. Nizikeni na gauni la njano. Msiweke hotuba.

Piga magoti hapa, wote wawili, nipate vichwa vyenu. Mungu awape usingizi mtamu. Zenaida, usiwe na kinyongo na ndugu yako, wewe sikukuwekea nadhiri kwa sababu hukuondoka. Bikira awafunike. Nawapenda, wote wawili, sawasawa... na yule wa mtoni.

Inuka sasa, Nicasio. Kaa. Andika. "Asubuhi ile maji yalikuwa chini, na Rosenda akaliweka kapu la mashati ya watu kwenye jiwe..." Umeandika jiwe? "Akavua viatu. Akaona... akaona kwamba ng'ambo..." Ngoja, nipumue. Mbona siisikii kalamu? Bonyeza, mwanangu, bonyeza nisikie.

Aa. Hiyo hapo. Usiache kuandika.