Sista Mwamini na Ndimi za Rangi ya Chungwa

Tarehe 30 Juni 2022, Sista Mwamini binti Khalfani anafunga kabati la dawa la wodi ya wanaume kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na sita katika hospitali yetu. Madaktari walioombwa kuandika habari zake walisema wamebanwa na kazi, kwa hiyo nimebaki mimi, dereva wa gari la wagonjwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nimefika Bujumbura, Lubumbashi na Mpulungu, na kote huko sijaona muuguzi wa kumfikia huyu.

Ni mzaliwa wa Ujiji. Miaka ya tisini, wakimbizi walipokuwa wakishuka ufukweni kwa maboti, yeye alitangulia na ndoo ya uji, sindano zikafuata nyuma. Kirundi alijifunza hapohapo mchangani, na anakiongea vibaya mpaka leo. Wagonjwa huanza kucheka kabla ya kuanza kupona.

Sheria yake wodini tunaijua wote. Kidonge kinamezwa mbele yake, kisha unafungua kinywa na kuinua ulimi akague. Hata mimi, jitu zima, niliinua.

Mmoja tu alisamehewa. Mwaka 2018 alilazwa kwetu Mzee Ntahomvukiye kutoka kambi ya Nyarugusu, akisubiri kupelekwa Dar es Salaam kupasuliwa moyo, aunganishiwe njia mpya za damu. Mjukuu wake Mélanie, yatima, alibaki kambini kwa majirani, na duniani hakuwa na mwingine ila babu huyo. Wakati wa kusubiri, Daktari Telesphory alimwandikia vitamini C, vidonge vya kutafuna vya rangi ya chungwa. Alitueleza kwamba moyo ukisimamishwa kwenye upasuaji na damu ikarudishwa, huzuka kitu kama kutu kinachoushambulia, na vitamini hizo huenda zikaukinga. Alisema huenda, kwa sababu wataalamu wenyewe bado wanabishana. Mimi nilimwelewa upesi kuliko wote, maana kutu ya Land Cruiser naifahamu.

Mzee alikuwa mpole mno. Kila akiulizwa alijibu, "Nimetafuna, mwanangu, urakoze," yaani asante kwa Kirundi, na Sista akaona aibu kumkagua mtu wa heshima namna ile. Mpaka siku alipopita wodi ya watoto akakuta kila mtoto ana ulimi wa rangi ya chungwa.

Alirudi akakaa kwenye kitanda cha Mzee. "Mzee wangu, ukienda kule na moyo usiokingwa, Mélanie nimwambie nini?"

Mzee akajibu taratibu. "Kambini, mwanangu, ukiwa na kitu mkononi na mtoto anakutazama, hukitii kinywani. Watoto wanakuja mlangoni pale, wananitazama. Siwezi."

Ilikuwa Ramadhani. Sista akavuta kiti. "Basi leo nitatazama mimi. Nimefunga tangu alfajiri, koo limekauka kama mchanga wa ufukwe wa Kibirizi. Tafuna nikikuangalia. Nikifa, uache. Nisipokufa, kesho tena."

Mzee akacheka hadi akashika kifua, tukaogopa. Kisha akatafuna. Tangu siku hiyo, saa ya dawa ikifika, Marcelina wa jikoni aliwaita watoto wapewe vipande vya chungwa, na Sista alikaa kwenye kiti chake na njaa yake, akitazama.

Siku ya safari nilimpakia Mzee mimi mwenyewe. Kabla sijafunga mlango alitoa mfukoni kidonge kimoja kilichofungwa kwenye karatasi, akampa Sista. "Hiki nimekuwekea cha kufuturu." Sista akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akakitia kinywani mwa Mzee. "Tafuna. Haya, fungua kinywa. Inua ulimi." Wote wawili walikuwa wanalia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni, ingawa barabara ya uwanja wa ndege ina lami.

Moyo ulisimamishwa, ukawashwa tena, ukakubali. Daktari Telesphory anasema hawezi kuapa kwamba ni vidonge. Mikono ya wapasuaji ilifanya kazi kubwa. Sista hajawahi kubishana naye. Anachojua ni kwamba kila Ramadhani hupokea kikapu cha machungwa kutoka Nyarugusu.

Leo Mzee Ntahomvukiye ameketi mstari wa mbele na Mélanie, ambaye amekuwa mrefu kuliko babu yake.

Sista Mwamini, miaka yote hii hatujakuona ukila mbele ya mgonjwa. Leo pilau iko mezani na kikapu kiko pembeni. Asante kwa kutukalia vitandani sote. Nenda Ujiji ukapumzike, uzeeke polepole, afya ikufuate kama ulivyotufuata na vidonge. Ila kwanza kaa hapa ule, sisi tukutazame. Na ukimaliza, fungua kinywa, inua ulimi.