Kona ya Kushukia

Tarehe 30 Juni dereva wetu, Mzee Taratibu, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kupandisha dawa, chanjo na sisi wauguzi hadi zahanati ya mlimani. Mimi nimepanda naye miaka kumi na tisa. Mengi ya haya nimeyaona mwenyewe. Machache nimeyasikia tu, maana sikuwa nimefika bado, au nilikuwa nimefumba macho.

Alianza kazi akiwa na nywele nyingi na subira kidogo, na anaondoka kinyume chake. Njia yetu ni kilomita kumi na moja za mawe na matope, upana wake ni gari na kiganja cha mkono. Kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo. Gari linavuta kwa magurudumu yote manne, lakini yeye husema hata yangekuwa manane, la kuangalia ni lile lililo karibu na ukingo.

Alijifunza hilo mwaka wake wa pili. Aliingia kona ya juu, nyembamba kuliko zote, akiwa na watu watano ndani, na tairi moja la nyuma likabaki linazunguka hewani. Walitokea mlango wa upande wa mlima mmoja mmoja, mfamasia wetu mnene akiachwa mwisho kwa sababu uzito wake ndio ulioshikilia gari. Hakuna aliyeumia, ila mfamasia aliomba uhamisho.

Tangu siku hiyo, tukifika konani gari linazimwa, wote tunashuka na kuvuka kwa miguu, iwe mvua iwe jua. Yeye hulivusha peke yake. Mganga mkuu ameshushwa. Mkaguzi wa makao makuu, na viatu vyake vya kung'aa, ameshushwa. Mke wa Taratibu alipanda siku moja kumpelekea miwani, naye akashushwa, akanuna wiki nzima. Akina mama wajawazito tunaowateremsha hubebwa kwa machela, na upande wa korongo hushika Taratibu mwenyewe. Mwenda pole hajikwai, na kwetu hajapotea hata mmoja.

Mwaka huu ofisi ilisema wazi kwamba asipopatikana wa kumrithi kabla ya Juni, zahanati itafungwa na wagonjwa watateremka kwa miguu. Akaletwa dereva wa kwanza ili Taratibu amtahini, akaendesha kwa mkono mmoja huku akitupigia hadithi. Wa pili alikuwa hodari, lakini alitaka kuivuka kona na watu wote ndani. Taratibu alimshukuru kwa adabu, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Mkuu wetu alimsihi alegeze kamba, akakataa. Nilimkasirikia kweli. Nilidhani mzee hataki tu kuachia usukani.

Mwezi Mei akaja dada mmoja aliyezoea kuendesha gari la wagonjwa mjini. Alipofika konani alizima gari, akavuta breki ya mkono, akatangulia kwa miguu kuikagua njia. Aliporudi alituambia tushuke. Tukashuka. Taratibu akabaki amekaa, akidai kwamba yeye ndiye mtahini. Dada akamfungulia mlango, akasubiri.

Mzee akashuka. Kwa mara ya kwanza alivuka kona ile mikono mitupu, bila usukani wala machela. Alichungulia korongo, akaniuliza kwa sauti ndogo kwa nini hatukuwahi kumwambia kwamba ni refu namna ile. Gari likapita salama. Tulipopanda tena alikaa nyuma, katikati ya maboksi ya dawa, na kabla ya kilomita moja kuisha alikuwa amelala fofofo. Sikuwahi kumwona akisinzia garini, nami nililia kidogo.

Asante, mzee wetu, kwa kutufikisha na kuturudisha. Tunakutakia maisha mema na usingizi mtamu. Njoo ututembelee, ila vaa viatu imara: pale konani utashuka kama wengine.

Muuguzi wa zahanati, kwa niaba ya wote walioshushwa