Mawe ya Njia ya Moraa

Sabato njema, ndugu zangu! Bwana asifiwe na waliokuja kusikiliza, na asifiwe pia na waliokuja wakiwa wamenuna kwa sababu wamesikia leo ninasimama mimi. Mchungaji amenipa nafasi ya kushuhudia, akaniomba niwe mpole. Nimemwambia nitajaribu, sikumwahidi.

Mnanijua. Mimi ni Mama Moraa, mzaliwa wa Tabaka, nimeolewa hapa Marani. Kwetu Tabaka tunakula kwa jiwe la sabuni. Wanaume huchonga, wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe ling'ae. Nimesugua viboko na twiga tangu utoto, na hakuna siku mtu aliniuliza mimi ningependa kuchonga nini. Tezo ya kuchongea ni ya mwanamume, basi, mjadala umefungwa. Nilipoolewa nilikuja na msasa wangu, na kaka zangu wakawa wananitumia kazi ya kusugua ndani ya gunia.

Mtoto wangu ni mmoja, Moraa. Aliugua akiwa mdogo, homa ikaondoka na macho yake. Hapo ndipo nilipojua watu! Wengine walisema ni laana ya ukoo wetu. Wengine, na mmeketi humu, mlinishauri nimfunge kamba kwenye mguu wa kitanda ili nichume chai kwa amani. Mtoto, ndugu zangu! Hata mbuzi hufungwa mahali penye majani.

Shule ya ng'ambo ya mto ina mwalimu aliyesomea kufundisha wasioona, na alimpokea Moraa vizuri sana. Shida ilikuwa njia. Mnaijua: inashuka katikati ya chai, inapinda kwenye migomba, halafu inapita kando ya korongo kabla ya kufika darajani. Nilikuwa nampeleka na kumrudisha mwenyewe, na nikizidiwa na kazi alibaki nyumbani akilia. Aliniuliza, "Mama, nitakaa hapa mlangoni mpaka lini?"

Sasa sikieni Mungu anavyofanya. Nilikwenda Kisii mjini kupeleka viboko kwa mteja, Moraa nikiwa naye, nikasikia kuna maonyesho ya sanaa katika ukumbi mmoja. Nikaingia tu kukwepa mvua. Msanii alikuwa dada kijana, na mawe yake yalikuwa haya haya yetu, lakini hakuwa na kiboko hata mmoja! Mawe hayana pua, hayana miguu, yana mawimbi na mashimo na meno. Nikataka kucheka. Halafu nikaona kibao kimeandikwa: Tafadhali gusa.

Maisha yangu yote nimesikia mtoto asiguse. Nikauweka mkono wa Moraa juu ya jiwe lenye mifereji. Akalipapasa pole pole, akasema, "Mama, hili linateremka." Nikampeleka kwa lenye meno. Akarudisha vidole haraka. "Hili linasema simama!"

Nililia mbele za watu. Yule dada akaja mbio akidhani naumwa. Ndani ya moyo wangu nilisikia waziwazi: una mawe, una msasa, una mtoto, unangoja nini?

Nikarudi nyumbani nikaanza kuchonga. Mimi, mwanamke! Niliomba vipande vilivyovunjika kule Tabaka, nikatumia kisu kikuukuu na kipande cha msumeno. Jiwe laini maana yake endelea mbele. Lenye mifereji, hapa panateremka. Lililotoa kidole upande mmoja, pinda huko. Lenye meno, simama, kuna korongo, geuka ushike kamba ya darajani. Nikayafunga juu ya nguzo za mkaratusi, kimo cha mkono wa mtoto, nikazipanda kila mahali njia inapobadilika. Kati ya nguzo na nguzo Moraa hufuata ukingo wa chai kwa fimbo. Alijifunza upesi kuliko nilivyotarajia, akaanza kwenda shule peke yake. Alikuwa akiimba njiani, na mlimsikia.

Lakini kwetu Gusii, mtu akikuta kitu asichokijua kimepandwa njiani, hafikirii sanaa. Anafikiria dawa. Neno likatembea: huyo mama ni omorogi, ni mchawi, amepanda mawe ili watoto wa wenzake wapofuke kama wake. Lile la meno wakasema ni meno ya maiti! Hakuna aliyekuja kuniuliza. Boma langu lina mlango, ndugu zangu, na chai huwa jikoni. Mngekuja mkanywa, mkauliza. Badala yake mlingoja niende sokoni, mkang'oa.

Jioni Moraa akatoka shule. Hakuna aliyemwambia. Akapapasa akitafuta nguzo, hakuipata, akaenda mbele kidogo kuitafuta. Akaanguka korongoni. Mgomba ulimzuia asifike majini, mkono ukavunjika. Nilimkuta ameketi kwenye matope akiita jina langu.

Na ninyi mkafanya nini? Mkaja kuniombea! Mtoto ameketi pale na mkono kwenye plasta, nanyi mnaniwekea mimi mikono kichwani, mnakemea pepo la kuchonga sanamu! Nilivumilia nikashindwa. Nikatoka nje katikati ya maombi nikamlilia Mungu: Ee Nyasae, kama kazi hii si yako, niambie sasa hivi. Kama ni yako, nizuie nisiwapige hawa watu! Ndipo Moraa akaita kutoka ndani, kwa sauti iliyozidi ya waombaji, "Mama, rudisha mawe."

Haleluya! Siku hiyo nilifunguliwa. Hofu ya maneno ya watu ilinitoka, na mpaka leo haijarudi.

Usiku nikachonga mengine ya mahali pa hatari, asubuhi nikachukua jembe nikaanza kupanda upya, peupe, kila mtu aone. Watu wakajaa. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Mama Moraa, unapanda nini tena?" Nikamwambia, "Mzee, fumba macho ushike, utajua." Akasema yeye si mtoto wa kucheza barabarani. Nilipomaliza, aliyejitokeza ni Mama Kemunto, kiongozi wa akina mama, ambaye ulimi wake mnaujua. Alikuja kunifichua. Akafunga macho kwa leso, akashika fimbo ya Moraa, akaanza kushuka huku akinung'unika. Kwenye mifereji akapunguza mwendo. Kwenye kidole akapinda. Kwenye meno akasimama, akafungua leso, akaona korongo liko mbele ya vidole vyake vya miguu.

Akakaa chini kwenye umande akalia. "Mtoto amekuwa akipita hapa gizani hivi," akasema, "na sisi tukamng'olea!"

Alizunguka nyumba kwa nyumba na mawe yale ya kwanza yakarudi. Moja lilikuwa likishikilia mlango wa banda la kuku, jingine likinoa visu. Dawa ya mchawi, ndugu zangu, na mnanolea visu vya kukatia mboga! Nilicheka, lakini bado nina hasira, na sioni aibu kuwa nayo.

Namshukuru Mungu aliyeweka macho katika vidole vya mwanangu. Namshukuru dada yule wa maonyesho, ambaye hata jina langu halijui. Na wewe uliyemficha mtoto wako chumba cha nyuma kwa aibu, mlete. Akina mama sasa wanachonga pamoja nami. Mtumaini Bwana, utupe mtoto, tutamtengenezea njia.

Namalizia. Mmeona leo nimekuja bila Moraa. Nimemwacha nyumbani. Njia ya kuja hapa kanisani tuliimaliza jana kabla jua la Ijumaa halijatua, na nguzo ya mwisho iko pale langoni. Kwa hiyo nauliza, na naomba jibu la kweli mbele za Mungu: kuna aliyegusa hata nguzo moja asubuhi hii? Aseme sasa, nikimbie.

Hakuna?

Basi nyamazeni. Mnasikia hiyo fimbo? Mhudumu, fungua mlango mpana. Na mtu yeyote asiinuke kumshika mkono.