Mzee Sema Yote na Shemeji Yake Mgonjwa

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi katika hospitali yetu, Mzee Sema Yote anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza kama mfagizi, akahamishiwa mapokezi kwa sababu ya sauti yake, na jina hilo alilipata hapo. Hakuna mgonjwa aliyepita kwake bila kufundishwa namna ya kuongea na daktari: anza na kinachokusumbua zaidi, sema kilianza lini, taja dawa zote ulizokunywa hata za mitishamba, wala usingoje mpaka umeshika kitasa cha mlango ndipo useme lililokuleta. Akimwona mtu anasitasita, humtupia lake: mficha uchi hazai. Madaktari wenyewe wanakiri kwamba aliwapunguzia nusu ya kazi.

Yanayofuata ameagiza mwenyewe yaandikwe, na amekataa tuyapake sukari.

Mwaka jana alianza kuona damu kwenye haja ndogo. Daktari wa zamu ni binti wa rika la kitinda mimba wake, anayemwamkia shikamoo kila asubuhi, na mzee aliona heri afe kuliko kumtajia jambo kama hilo. Basi akamvizia kwenye korido, akamwambia ana shemeji yake anayetokwa damu kwenye haja ndogo. Daktari akasema mlete. Wiki zikapita, shemeji akawa haishiwi udhuru: mara amesafiri, mara ana msiba. Damu haikusafiri.

Siku moja shemeji wa kweli, fundi wa friji mwenye sauti ya kipaza, alimletea miwani aliyoisahau nyumbani. Mzee, kwa mazoea tu, akamtambulisha kwa daktari aliyekuwa akipita. Daktari akamvuta fundi kando na kumuuliza kwa upole kama damu bado inatoka. Fundi akang'aka, benchi zima likasikia, kwamba mkojo wake ni safi kama maji ya bomba na aliyemzushia hayo ajitokeze.

Mzee alibaki na miwani mkononi. Anasema aibu ile aliisikia mpaka kwenye nyayo, maana kila aliyekaa kwenye benchi lile alikuwa ametoka kuhubiriwa naye. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo: "Daktari, shemeji ni mimi."

Uvimbe kwenye kibofu uliondolewa. Daktari hakumficha kwamba miezi ile ya kuzungukazunguka nusura imgharimu uhai. Mpaka leo wakikutana mzee hutazama sakafu, na binti humwamkia vilevile.

Asante, mzee wetu, kwa wote uliowafungua midomo, na kwa siku uliyoufungua wako. Upumzike, ule vizuri, wajukuu wakuchoshe. Na tarehe za vipimo zikifika, njoo mwenyewe. Shemeji mwache na friji zake.